Supu ya Mama Ng'aro

Aliyetaka kwenda kwa Mama Ng'aro hakuhitaji kuelekezwa, alifuata pua tu. Akishapita kwa kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, macho yalianza kumwasha. Akifika konani, machozi yalimlengalenga. Na akijikuta analia kama aliyefiwa, basi amefika, abishe hodi. Watu wa mtaa ule walisema inzi wakifika kwenye kizingiti chake walifuta miguu kwanza, wakatazamana, kisha wakaghairi safari. Mende nao walikwisha hama zamani, baba na mama na watoto, kila mmoja na furushi lake kichwani, na wa mwisho kutoka akafunga mlango. Hapo wametia chumvi, lakini si nyingi.

Jina la Mama Ng'aro alilipata kazini. Alikuwa msafishaji wa gesti moja nyuma ya stendi ya mabasi, na kazi yake aliijua kama mtu anavyoujua mwili wake. Alianza juu akashuka chini, kwa sababu vumbi halipandi. Pangaboi kwanza, halafu fremu za madirisha, meza, kitanda, na sakafu mwisho, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni ili asikanyage alipopita. Ile mistari ya saruji katikati ya vigae vya bafuni aliisugua kwa mswaki mkuukuu, amepiga magoti, mdomo ameubana kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mwenye gesti alikuwa akiwaonyesha wageni sakafu kabla hajawaonyesha kitanda. Inasemekana mgeni mmoja aliiona sura yake kwenye kigae, akaipa mkono.

Na kazini kwake kulikuwa na dawa. Dawa ya sakafu, dawa ya choo, dawa ya vioo, dawa ya madoa, dawa ya mende, dawa ya nondo, na dawa ya kuondoa harufu ya hizo dawa nyingine. Kwa Mama Ng'aro dawa ilikuwa dawa. Tangu utotoni alijua kwamba dawa ya kumeza inayofanya kazi ni ile chungu, na dawa ya kidonda inayofanya kazi ni ile inayokuchoma mpaka ukatafuta wa kumpiga teke. Dawa isiyouma alikuwa haiamini hata kidogo. Kwa hiyo dawa ya choo ilipomkaba koo, aliiheshimu. Ile ya madoa ilipomchubua vidole, aliishukuru. Jioni alirudi nyumbani macho mekundu, akijihesabu mtu aliyefanya kazi.

Sasa sikia alichokuwa akifanya. Chupa zilipokaribia kwisha, mwenye gesti alitaka zitupwe. Mama Ng'aro hakulelewa kutupa. Alizikamua zote, masalio ya hii na masalio ya ile, katika kidumu kimoja cha njano, akaongeza maji, akatikisa, akaenda nacho kwake. Alikiita supu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama dawa moja inaua wadudu, dawa zote pamoja zitaua mpaka wale ambao bado hawajazaliwa. Kidumu kile kilikuwa na tabia ya kuvimba tumbo. Ukikiacha pembeni mwa jiko, ukirudi unakikuta kimetuna kama chura. Alikilegeza kifuniko, kikatoa pumzi, fyuuu, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imeiva," alisema.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mzee mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Viatu vyake alivishonea barazani. Jua liwake, alikuwa barazani. Mvua inyeshe ya upande, alikuwa barazani, amejifunika turubai, sindano inapanda na kushuka. Wateja walipomwuliza kwa nini haingii ndani, alisema anapenda upepo.

Mapenzi makubwa ya Mama Ng'aro, ukiacha sakafu, yalikuwa mjukuu. Binti huyu alizaliwa na mwanawe wa kiume, dereva wa lori ambaye nyumbani kwake alionekana kama mgeni. Walimwita Kasuku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Aliongea tangu anafumbua macho. Aliongea na sufuria, na viatu vya babu yake, na kidole chake mwenyewe kilichoumia, akikipa pole. Hata usingizini aliuliza maswali, na asipojibiwa aliyarudia.

Lakini alipoletwa kwa bibi yake, mambo yalikuwa mengine. Aliingia na maneno yake yote, akaanza kuyamwaga sebuleni, halafu yakapungua kidogo kidogo kama maji ya bomba siku ya mgao. Alikohoa. Akakohoa tena. Mwisho alikaa kitini, kimya, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani kunasikika kitu kama filimbi ya mbali.

Bibi akamtazama kwa fahari. "Mnaona," aliwaambia majirani. "Kwao anapiga kelele. Kwangu ana adabu."

Mama yake Kasuku alikuwa fundi cherehani. Mama Ng'aro hakuwa na ugomvi naye, ila hakuwa amemzoea pia. Mkwe huyu alisema kwa sauti ndogo, akiangalia chini, na kila alichoambiwa na mama mkwe alijibu ndiyo mama. Miezi ilivyokwenda, Kasuku akawa haji mara kwa mara, na anapokuja hakai. Leo wanawahi mvua, na mbingu ni nyeupe kama shuka. Kesho mtoto ana kazi ya shule, na shule hajaanza. Mama Ng'aro alizipokea sababu hizo, akazigeuza, akaona hazina mshono. Akahitimisha kwamba mkwe wake anaona nyumba ile haijatakata vya kutosha. Basi akaongeza supu. Kila Kasuku aliposhindwa kuja, supu iliongezwa, na kila supu ilipoongezwa, Kasuku alizidi kutokuja.

Halafu mkwe akashika mimba ya pili. Tumbo likakua, mwezi wa kujifungua ukasogea, na baba mtu alikuwa safarini na lori lake, hajulikani atarudi lini. Ilikuwa wazi kwamba siku mama atakapokwenda kujifungua, Kasuku atahitaji pa kukaa, na kwa Mama Ng'aro ilikuwa wazi ni wapi. Alikwisha mtandikia kitanda. Alikwisha kisugua kile kitanda, miguu na chaga, mpaka rangi ikakubali kuondoka.

Habari alizipata kwa msusi. Alikuwa amekaa kwenye stuli anasukwa, nusu ya kichwa imekamilika, nusu imesimama wima inangoja zamu yake, na msusi, mwanamke ambaye mikono na ulimi wake viliendeshwa na mashine moja, akatamka tu kwamba amefurahi sana kuombwa akae na Kasuku siku za uzazi, maana ule mtoto ni redio isiyotaka betri.

Mama Ng'aro akanyanyuka. Msusi akamwambia hajamaliza. Hakusikia. Akatoka hivyohivyo, upande mmoja wa kichwa ni wa harusini na upande mwingine ni wa msituni, akakata mtaa kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake. Watoto waliacha mpira wakamtazama.

Alimkuta mkwe wake mbele ya cherehani, tumbo limemsukuma nyuma mpaka anaifikia sindano kwa ncha za vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesikia mjukuu wangu atalelewa na kitana."

Mguu ukasimama juu ya pedali. Mkwe akaukunja mshono uliokuwa mkononi, akaukunjua, akaukunja tena.

"Mama, nikisema utanichukia."

"Usiposema nitakuchukia vilevile, tena bila sababu. Sema nipate sababu."

Hapo ndipo binti yule, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akainua macho yake na kuyaacha juu.

"Nyumba yako inamziba mtoto pumzi. Kila akitoka kwako kifua kinapiga filimbi hadi kesho yake. Muuguzi aliniuliza, huyu mtoto anatoka wapi anaporudi hivi? Nikaona haya kusema ni kwa mama mkwe wangu. Nikasema sijui."

"Nyumba yangu?" Mama Ng'aro alishika kiuno. "Ile nyumba mtu anaweza kula sakafuni."

"Kula anaweza, mama. Kupumua ndiyo kazi."

Mama Ng'aro aliushusha ule mkono kiunoni. Aligeuka akaenda zake. Njiani alimsema mkwe wake kwa sauti, akijijibu mwenyewe, na alipofika barazani kwake alikuwa amekwisha mshinda kabisa.

Mumewe alikuwa amebana misumari midomoni. Alimweleza yote, akangoja aungwe mkono. Mzee akaitoa ile misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja, kazi ambayo haikustahili muda wote ule.

"Inanuka usafi, mama watoto," alisema mwishowe.

"Na usafi ndio unaokukalisha nje?"

"Napenda upepo."

"Upepo gani huo, mvua inakunyeshea mpaka masikioni?"

Mzee akakitazama kiatu alichokuwa nacho kama vile kimeanza kusema. "Hukuwahi kuniuliza," akajibu polepole. "Nami nilikuona unavyofurahi."

Kumbe ndiyo hivyo. Kumbe walikuwa wakimtunza wote, huyu kwa upepo, yule kwa mvua isiyonyesha, wamemzunguka na uongo wa heshima kama mgonjwa asiyeambiwa. Lakini hayo aliyafikiri baadaye. Saa ile alichofikiri ni kwamba atawaonyesha. Ataisafisha nyumba usafi ambao haujawahi kuonekana, kisha atamwita mkwe aje ainuse kona kwa kona, na aombe radhi kwenye kila kona.

Akaingia. Akafunga madirisha yote ili vumbi la barabarani lisimharibie kazi. Akakichukua kidumu, kimevimba kuliko siku zote, akakifungua, na safari hii hakutia maji. Akamimina supu tupu kwenye ndoo. Akaona bado. Akachukua chupa nzima ya dawa ya choo, mpya, akaongeza juu yake.

Ndoo ikachemka bila moto. Mvuke wake ulimpata usoni akiwa bado ameinama. Ilikuwa kama amemeza kibiriti kilichowaka. Akajiambia, imeiva kweli leo, akachovya dekio. Hapo magoti yakaacha kumsikiliza. Alitaka kumwita mumewe, mdomo ukafunguka, hakuna kilichotoka wala kilichoingia. Akashika ukuta. Mabega yake yakapanda, yakashuka, yakapanda. Na katikati ya ule moshi usioonekana akasikia filimbi. Nyembamba, ya mbali. Akageuza kichwa kumtafuta Kasuku, akidhani mtoto yumo humo ndani, na alivyozidi kutafuta filimbi ilizidi, mpaka akatambua inatoka kifuani mwake yeye.

Mtoto wa watu, alifikiri. Na mimi nikasema ni adabu.

Mzee alisikia ndoo ikianguka. Aliingia amejifunga aproni ya ngozi puani, akamshika mkewe kwapani, akamburuta kama gunia hadi barazani, kwenye ule upepo aliokuwa akiupenda. Muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni. Madumu yakashushwa, Mama Ng'aro akapakiwa. Akaingia zahanati amelala chali, macho kama pilipili, nywele nusu msitu, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakampisha wenyewe.

Muuguzi alimwekea hewa ya mtungi, akamwosha macho kwa maji mengi, na pumzi ilipoanza kurudi akamwuliza amepatwa na nini.

"Dawa," alisema Mama Ng'aro kwa sauti iliyokwaruza kama chungu kinachoburutwa.

"Dawa gani?"

"Dawa zote. Nimezichanganya."

Muuguzi akashtuka. "Umemeza vidonge vingapi?"

"Sijameza. Nimepigia deki."

Muuguzi akaacha kuandika. Akamtazama, akamtazama na mzee, akavuta kiti. Akataka aambiwe kila kilichokuwamo, na mzee alipovitaja, muuguzi alikuwa akifumba macho kidogo kwa kila chupa. Kisha akamweleza, bila kumkemea, kwamba dawa ya madoa ikikutana na dawa ya choo huzaa hewa ya sumu, na kwamba ile pumzi iliyokuwa ikitoka kidumuni haikuwa kuiva. Ilikuwa ni hiyo sumu inaomba njia. Akamwambia asichanganye tena chupa na chupa maishani mwake, na kifua cha mtoto hakina pa kuiweka hata ile kidogo ambayo mtu mzima haioni.

"Lakini inaitwa dawa," alisema Mama Ng'aro.

"Ndiyo, mama. Na aliyeipa jina hilo alitufanyia vibaya. Hii ya kwangu hapa ni dawa. Ile ya kwako ni sumu iliyovaa nguo nzuri."

Kidumu kile kilichukuliwa na bwana afya, amevaa glavu na miwani mikubwa kama mpiga mbizi. Mtaa mzima ulitoka kukisindikiza. Mtu mmoja alivua kofia.

Kesho yake mkwe akaja zahanati, tumbo mbele, amechoka, macho yamevimba. Alikuwa amelia njia nzima. Alisema ni yeye aliyemkasirisha mama, ni maneno yake yaliyomsukuma, angenyamaza yasingetokea. Mama Ng'aro alitaka kumjibu mengi, ila koo lilikuwa halijapona. Ikambidi asikilize. Na kwa kuwa alisikiliza, mkwe aliendelea, na kwa kuwa aliendelea, alisema mambo ambayo miaka yote yalikuwa yamekaa chini ya ile ndiyo mama. Jinsi alivyokuwa akimpeleka Kasuku nje ya mlango wa bibi kila kidogo kumwonyesha ndege, na ndege hakuna. Jinsi alivyompenda mama mkwe kwa mikono yake isiyolala, akaogopa kumpoteza kwa neno moja.

Kisha akafungua mfuko. Alikuwa ameshona matambara ya kufutia, kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya wateja, tabaka juu ya tabaka, pindo zimepigwa imara, mengine ya sakafu, mengine ya vioo, laini. Na chini yake kulikuwa na mche wa sabuni, siki, magadi soda ya kuokea na malimau.

"Muuguzi amesema hivi vinatosha, mama. Na maji ya moto. Na madirisha wazi. Ila siki na limau visikaribie ile dawa ya madoa hata kwa salamu."

Mama Ng'aro akachukua tambara moja, akalivuta pindo kupima mshono, akalipitisha shavuni. Akamtazama mkwe wake. Mzee, aliyekuwa mlangoni, alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mkewe akimtazama mtu vile isipokuwa sakafu.

Kubadili mkono uliozoea si mchezo. Siku za mwanzo aliona anaidanganya nyumba. Alisugua kwa sabuni na maji ya moto, akasuuza, akakausha, sakafu ikang'aa, halafu akapiga magoti akainusa kama paka anayetafuta samaki. Hainuki kitu. Sasa mtu atajuaje kwamba nimesafisha? alilalamika. Mzee akamwambia atajua kwa kutumia macho, maana sasa anaweza kuyafumbua. Siku nyingine akaamua kwamba kama siki ni nzuri na magadi ni mazuri, vyote pamoja kwenye chupa moja vitakuwa moto wa kuotea mbali. Akavichanganya akafunga kifuniko. Kifuniko kikaruka kikampiga mzee kwenye paji la uso, povu likatanda mezani, na kilichobaki chupani kilikuwa maji yasiyo na kazi. Mzee akamwuliza kwa upole kama supu imefufuka. Tangu hapo magadi yalisugua sufuria na sinki peke yake, siki ikafuta vioo peke yake, na madoa sugu ya choo yalipakwa limau yakaachwa yafikiri mpaka asubuhi, kisha yakapigwa brashi. Bega liliuma zaidi ya zamani. Macho hayakuuma kabisa. Na ngozi ya vidole vyake, iliyokuwa ikimenyuka kama kitunguu, ikatulia.

Gestini kulikuwa na kazi zaidi. Mwenye gesti alihofia wageni watasema chumba hakijasafishwa. Mama Ng'aro akamwambia, kwa sauti yake mpya ya kukwaruza iliyotisha kuliko ya zamani, kwamba atavisafisha kwa sabuni na kufungua madirisha, na mgeni akilalamika aletwe kwake. Hakuletwa mtu. Kwenye vyoo ile dawa kali haikuondoka yote, mwenye gesti alishikilia, lakini ilitumika moja tu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na chupa tupu zilitupwa zikiwa na masalio yao. Kila alipotupa, mkono wake ulisita kidogo. Akautazama, ukatupa.

Haya yote yalikuwa mazuri, lakini moyo wake ulikuwa sehemu moja. Kitanda cha Kasuku kilikuwa bado kitupu, na mkwe hakuwa amesema kitu. Msusi alikwisha ombwa, na jambo la watu wawili halivunjwi na wa tatu. Mama Ng'aro hakuuliza. Kwake yeye, kutouliza kulikuwa kazi ngumu kuliko vigae.

Uchungu ulimshika mkwe asubuhi moja, jua limeshapanda. Mama Ng'aro alikuwa anaanua matambara kwenye kamba alipomwona anakuja, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine umemshika Kasuku, na Kasuku amebeba mfuko wa nguo zake huku akimweleza mama yake namna ya kuzaa. Mama Ng'aro alitaka kukimbia kumpokea. Akajizuia. Akasimama kando ya mlango wake mwenyewe kama mtu anayengoja kuajiriwa.

Mkwe akaingia. Akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi ndefu, si ya uchungu, akaiacha. Akavuta nyingine. Akatazama madirisha, yote wazi, pazia moja linacheza. Akamtazama mzee, ambaye alikuwa amekaa ndani, viatu vyake na gundi yake ameviacha kwenye meza ya barazani ili gundi ibaki na upepo. Uchungu ukampata hapo hapo, akashika meza, ukapita. Alipoweza kusema hakusema mengi. Alichukua ule mfuko wa nguo mkononi mwa mtoto, akauweka juu ya kitanda kilichotandikwa.

"Anaamka mapema," alimwambia mama mkwe. "Na haachi kuuliza."

Akaondoka na msusi, aliyekuwa amefuata nyuma akimshikia beseni, bila kinyongo.

Mchana kutwa Kasuku aliongea. Aliuliza kwa nini bibi amesukwa pande mbili siku hizi, alisikia kwamba zamani alisukwa mmoja. Aliuliza viatu vinalala wapi. Aliuliza kama mtoto anayekuja atajua lugha hii au itabidi afundishwe. Babu yake alijibu mpaka akaishiwa, akaanza kujibu maswali ambayo hajaulizwa. Baada ya chakula Kasuku alisinzia katikati ya sentensi, na Mama Ng'aro akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akainamisha sikio. Alisikiliza muda mrefu. Pumzi iliingia, ikatoka, laini, bila mlio wowote, kama tambara jipya linavyopita juu ya kioo. Akamwita mzee aje asikie. Mzee akaja akainama, wote wawili wameinamisha masikio juu ya mtoto, wakisikiliza kimya hicho. Mzee akasema haisikii filimbi. Mama Ng'aro akasema ndiyo hiyo, isikilize.

Mkwe alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye sauti ya honi ya lori la baba yake. Mama Ng'aro alimwacha Kasuku na babu yake, akaenda na chupa ya uji. Alimkuta mkwe amekaa wadini, amechoka na kung'aa. Akambeba mjukuu mpya, akamsifu kila kiungo, akamrudisha. Kisha akakaa, akanyoosha kanga yake magotini, akakohoa ingawa hakuwa na kikohozi.

"Mwanangu," alisema, "Kasuku amelala kwangu baada ya chakula. Nimekaa namsikiliza. Nimesikiliza pumzi kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari." Akauvuta tena upindo wa kanga. "Kila mtu alinificha. Mume wangu wa ujana wangu alinyeshewa mvua miaka yote ili anifiche. Wewe peke yako uliniambia, na wewe ndiye uliyekuwa na la kupoteza. Nakushukuru. Pumzi ya mtoto nimeirudishiwa na wewe, na yangu pia."

Mkwe alitaka kuangalia chini kama desturi yake, akabadili nia. "Niliogopa sana, mama."

"Najua. Ninatisha. Lakini usiogope tena. Ukiona jambo kwangu, niambie palepale."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Mkwe akalitazama hilo neno kidogo, kama anavyotazama kitambaa kabla hajatia mkasi. Halafu akauinua ule mfuniko wa chupa aliokuwa akinywea uji.

"Basi, mama, ni huu uji."

"Una nini?"

"Umeungua. Si leo tu. Huwa unaungua siku zote."

Mama wa kitanda cha pili akajifunika shuka usoni, na shuka ikaanza kutikisika. Mama Ng'aro akamtazama mkwe wake, akamtazama mtoto, akaupokea ule mfuniko akaonja. Akaonja tena, akiuzungusha mdomoni, kwa ule uso wake wa kukagua vigae.

"Mwanangu," alisema, "kweli iwe moja kwa mwezi. Mimi ni mtu mzima."

Na akaumalizia uji wote, maana ulikuwa umeungua kweli, na kutupa bado hajajifunza vizuri.